Mtu Mmoja Asiyejulikana

Kila nikianza hadithi kwa kusema palikuwa na mtu mmoja, lazima mmoja wenu ainue kichwa aniulize ni mtu gani huyo, na ni mwana wa nani. Leo nitajibu, kama bibi mzaa mama alivyonijibu mimi tukipukuchua mahindi.

Zamani hizo, huku kwetu milimani, hapakuwa na mtu wa namna hiyo. Hadithi zote zilikuwa habari za watu wanaojulikana. Msimuliaji alitaja jina la mtu, la baba yake na la shamba lake, na wasikilizaji waliitikia kwa vichwa kwa kuwa walimfahamu. Aliyezijua habari hizo kuliko wote alikuwa mama mmoja aitwaye Nanzia. Kazi yake ilikuwa kukaa na wafiwa. Mtu akifiwa, Nanzia alikwenda kuketi naye na kusimulia, siku baada ya siku, mpaka mfiwa akubali chakula.

Mwaka mmoja mvua zilizidi. Kijana Kiangi, mtoto pekee wa mjane Naetwe, alishuka mtoni kuzibua banio la mfereji, pale maji yanapoingilia, mto ukamchukua. Naetwe akalala akiuelekea ukuta. Hakulia, na hakula.

Nanzia akaja, akaketi, akaanza habari ya chui aliyenaswa bondeni. Katikati akakumbuka kwamba kamba ya mtego ule ilishikwa na Kiangi. Akaiacha. Akaanza habari ya harusi ya binti wa mfua chuma, lakini ngoma ya harusi ile aliipiga Kiangi. Akarudi nyuma kabisa, kwa mzee aliyechimba mfereji wa kwanza, nayo ikampeleka palepale mtoni. Kijiji kilikuwa kidogo, na kijana yule alikuwa amepita kila mahali.

Basi Nanzia akaishiwa habari. Jambo hilo halikuwa limempata maishani, naye hakujua afanye nini. Siku ya tatu aliwaambia akina mama waliokuwapo kwamba anatoka kidogo, akaenda kutafuta habari mpya. Akamuuliza mfinyanzi kama kuna lolote lililotokea. Mfinyanzi akasema vyungu vimekauka vizuri. Akawauliza waliotoka sokoni, wakamwambia ndizi zilikuwa nyingi. Akapanda hadi ukingo wa msitu, akashuka kwa njia nyingine, kisha akasahau alikuwa akienda wapi. Alipita mbele ya nyumba moja mara mbili, na wenyewe wakamtazama.

Akiwa njiani kurudi aliona kubazi la ngozi katikati ya njia, la mguu wa kushoto. Ukanda wake ulikuwa umekatika, ukaungwa kwa uzi wa mgomba. Nanzia aliijua miguu ya kijiji kizima, lakini kubazi lile hakulijua. Akauliza nyumba za karibu; hakuna aliyelidai. Akaliacha palepale, akaenda akijiuliza mtu anawezaje kuacha kiatu kimoja asirudi kukichukua.

Siku ya nne akaketi tena karibu na Naetwe. Hakuwa na chochote kichwani isipokuwa lile kubazi. Akasema, "Palikuwa na mtu mmoja."

Akina mama wakamngoja ataje jina. Hakutaja. Mama mmoja akauliza ni nani, Nanzia akasema hajui. Mwingine akauliza ni mwana wa nani, akasema hajui. Akasema tu kwamba mtu huyo alikuwa akipanda mlima na kiatu kimoja. Wakatazamana. Walidhani uchovu umemwingia akilini, na yeye mwenyewe alidhani hivyohivyo.

Ndipo Naetwe alipogeuka kutoka ukutani.

"Kwa nini hakurudi kukichukua?" akauliza.

"Sijui, mwanangu."

"Labda mvua ilimfukuza. Je, alibisha hodi mahali?"

Nanzia akafikiri. "Alibisha," akasema. "Wakamfungulia."

"Walimpa nini?"

"Sijui walimpa nini."

"Makande," Naetwe akasema. "Mtu aliyelowa hupewa makande ya moto, maharage yawe mengi kuliko mahindi." Akaendelea kueleza yanavyopikwa, sauti ikiwa imekauka. Mama mmoja akatoka kimya, akarudi na bakuli. Naetwe alilipokea, akala akiuliza kama mtu yule alipewa pia pa kulala, na akilini mwake hakuwa na habari kwamba anakula.

Asubuhi yake vijana watatu wakaondoka kwenda kumtafuta mtu wa kiatu kimoja. Walivuka vilima viwili, wakauliza kila mlango, wakarudi wamechoka na kukasirika. Mzee Mchome, mkuu wa kijiji, akamwita Nanzia mbele ya watu, akamtaka aseme wazi kama habari ile ni kweli au ni uongo. Enzi hizo aliyesema uongo mbele ya mfiwa alifukuzwa kijijini.

"Baba, sikusema kweli na sikusema uongo," Nanzia akajibu. "Sijui nilisema nini. Ninachojua ni kwamba amekula."

Wazee wakabishana hadi kivuli kikahama upande wa pili wa uwanja. Hatimaye Mchome akaamua: anayesimulia habari za mtu asiyemjua asimpe jina, wala baba, wala kijiji, ili watu wasijichoshe kumtafuta. Watu wakaanza kuondoka. Mchome akabaki ameketi, anakuna kidevu.

"Lakini, Nanzia," akasema, "yule mtu alifika?"

"Sijui, baba."

"Basi kaa chini, tujue."

Tangu siku ile hadi leo, msimuliaji huanza na mtu mmoja, na aliyeketi kusikiliza humuuliza ikawaje. Mnadhani mimi nayajua yote kabla sijafungua kinywa. Siyajui. Namwona mtu yuko njiani, basi, halafu nakaa kimya nikisubiri mmoja wenu aniulize anakwenda wapi.