Sidi Kifudifudi Mbele ya Watu

Wahenga waliposema kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, hawakuwa wakizungumzia kitanda. Walimaanisha kwamba anayetaka kitu kisichofikiwa na mkono wake hana budi kukubali taabu na kujishusha, hata kama kujishusha huko kutampunguzia heshima machoni pa watu kwa muda. Methali hii sote tunaijua, na sote hupenda kumwambia jirani. Kujiambia wenyewe ndiko kugumu. Sidi Mwambire wa Junju aliwahi kuitungia insha shuleni akapata alama nzuri, kisha akaishi miezi kadhaa kama mtu ambaye hajawahi kuisikia.

Sidi alikuwa na umri wa miaka kumi na minne, mrefu kuliko wenzake wote, na mabega yaliyokomazwa na jembe la baba yake. Kila Jumamosi alikwenda kwenye uwanja wa gofu ulio upande wa baharini, ambako mwalimu Mwaura aliwafundisha watoto wa vijiji vya karibu. Mwaura alizaliwa bara, lakini alikuwa amekaa Kilifi hadi akasahau ladha ya chakula kisichotiwa nazi. Siku ya kwanza alipompa Sidi ile fimbo kubwa ya kupigia mbali, msichana aliushusha mkono kama anayevunja bonge la udongo, na mpira ukaenda hadi ukapotea machoni. Wavulana waliokuwa wakipiga soga nyuma yake walikimbilia mbele kuutafuta.

Tangu siku hiyo sifa zilimwagika, na Sidi akazipokea zote. Tatizo lilikuwa kwenye grini, yaani lile zulia la nyasi fupi lenye shimo katikati. Pale nguvu hazina kazi. Mtu husukuma mpira taratibu, naye lazima kwanza ajue ardhi inalalia upande gani. Sidi aliidharau kazi hiyo. Alisema ni mchezo wa wazee waliochoka viuno, na wenzake walipokuwa wakichuchumaa kutazama mteremko, yeye alisimama wima akisubiri zamu yake ya kupiga mbali.

Mwezi wa Aprili kulifanyika shindano la ujuzi wa gofu kwa vijana. Halikuwa mchezo kamili wa kuzunguka uwanja. Kila mshiriki alipimwa kwa mambo matatu: kupiga mpira mbali, kuudokoa uruke kidogo na kutua karibu na bendera, na kuusukuma shimoni. Sidi aliwashinda wote katika jambo la kwanza. Katika la tatu hakutumbukiza hata mpira mmoja. Jina lake liliposomwa chini ya majina ya wasichana aliowaacha mbali asubuhi, alisema nyasi zilikatwa vibaya, fimbo ilikuwa fupi, na mvua ya jana ilikuwa imeharibu grini. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua.

Baba yake alizisikia sababu hizo zote wakati wa chakula cha jioni. Mwambire alikuwa mkulima wa mahindi na mihogo, mtu wa maneno machache, na kila Jumamosi alilima peke yake huku bintiye akiwa kwenye gofu. Walipomaliza kula ndipo aliposema.

"Sidi, mimi sikukatazi kucheza. Lakini shamba nalo halingoji mtu. Nimesikia kuna shindano jingine mwezi wa Agosti, na msichana atakayeshinda atachukuliwa kwenye timu ya vijana ya Pwani. Nenda. Ukichukuliwa, nitajua hiyo ni kazi kama kazi nyingine. Usipochukuliwa, Jumamosi zako zitarudi shambani."

Sidi aliitikia kwa heshima, kisha akaenda kulala na hakulala. Aliipenda gofu kuliko kitu chochote alichowahi kukifanya, na alijua wazi kwamba baba yake hakuwa mtu wa kusema neno akalibadilisha.

Hapo ndipo ilipomkabili kanuni ya mwalimu Mwaura. Mwalimu alikuwa mmoja na watoto walikuwa wengi, kwa hiyo aliweka utaratibu kwamba mtoto anayetaka ujuzi fulani aende kwa mtoto mwenzake aliye nao. Malipo yalikuwa kuokota mipira. Anayefundishwa humwokotea anayemfundisha mipira yote ya siku hiyo na kumbebea kikapu, hata kama ni mdogo wake. Na katika kusukuma mpira shimoni, uwanja mzima ulikuwa na fundi mmoja tu, naye ni Kasiva.

Kasiva alikuwa na miaka kumi na mmoja. Mama yake aliuza mboga Mtwapa, na yeye mwenyewe alikuwa mdogo kiasi kwamba fimbo ilimfika kifuani. Alicheza gololi na kaka zake tangu alipojua kutambaa, na uso wake ulikuwa mzito kama wa mwalimu mkuu siku ya kufunga shule. Sidi alimtazama Jumamosi baada ya Jumamosi, akajaribu kumwiga kwa mbali ili asimwombe. Mpira uliendelea kupita kando ya shimo. Julai ilipoingia, alimeza mate machungu akamwendea.

"Kasiva, nataka unionyeshe," alisema kwa sauti ya chini, ili wengine wasisikie.

Kasiva alimtazama juu na chini. "Haya. Dada Sidi, lala chini."

Sidi alidhani anataniwa. Hakuwa akitaniwa. Kasiva alilala kifudifudi mwenyewe, kidevu kikigusa nyasi, akaeleza kwamba mtu aliyesimama huona grini yote kama meza, lakini aliyelala huona vilima na mabonde yake. Kisha akamwuliza, kama maji yangemwagika pale ulipo mpira, yangekwenda wapi. Sidi alilala akatazama. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba ile nyasi aliyoidhani sawasawa ilikuwa na mgongo, na nyuma ya mgongo kulikuwa na bonde dogo linalovuta upande wa kushoto. Jambo lenyewe halikuwa geni kwake. Kila mwaka kabla ya masika yeye ndiye aliyechimba mfereji wa kuyaondoa maji nyumbani kwao, na hakuwahi kuukosea mwelekeo. Alikuwa na elimu hiyo miguuni mwake siku zote. Kilichokosekana ni kukubali kuishusha shingo.

Basi akawa analala chini na kuinuka, analala na kuinuka, akiwa amevaa suruali kuukuu ya kaka yake. Halafu akaokota mipira. Wasichana wa rika lake walimcheka, wakampa jina la yaya wa Kasiva, na mmoja wao akamwuliza kama atambeba mtoto mgongoni pia. Sidi aliona haya hadi machozi yakamlenga. Hata hivyo, Jumamosi iliyofuata alirudi, akakichukua kikapu kabla hajaambiwa.

Siku ya shindano ilipofika, mambo yalianza kuharibika nyumbani kwa sababu ya mapenzi. Kache, mama yake Sidi, alikuwa amemshoneshea sketi mpya kwa fundi, nyeupe, yenye marinda, inayofika magotini. Alitaka bintiye aonekane mtoto wa watu. Sidi hakuwa na moyo wa kumwambia kwamba amejifunza akiwa ndani ya suruali. Zaidi ya hayo, Mwambire naye alikuja, amevaa shati la kanisani, akifuatana na wazee wenzake wawili waliotaka kuuona mchezo huu wa kuupiga mpira na kuufuata.

Katika kupiga mbali, Sidi alifanya yake. Wazee walitikisa vichwa na Mwambire akajifanya anasafisha koo. Katika kudokoa, msichana mmoja kutoka Malindi aitwaye Nyokabi alimzidi, naye ndiye aliyetangulia pia kwenye grini. Nyokabi alipomaliza, hesabu ilikuwa wazi kwa kila mtu: kila mshiriki alipewa mipira mitano, kila mmoja mahali pake, na Sidi alihitaji kutumbukiza mitatu ili ampite.

Watu walikuwa wameizunguka grini, wamezuiwa na kamba. Sidi alipofika kwenye mpira wa kwanza aliwaona wote kwa pamoja: baba yake, wazee, wanawake wa kanisani waliokuja na mama yake. Kwao Junju, msichana mkubwa hajilazi kifudifudi mbele ya baba yake na marafiki wa baba yake. Anayefanya hivyo husemwa hakulelewa, na anayesemwa zaidi ni mama yake. Sidi aliinamisha shingo kidogo, akakisia, akasukuma. Mpira ulipita kando ya shimo. Alikwenda kwa wa pili, akachuchumaa nusu huku ameshika marinda ya sketi, akasukuma. Nao ukapita.

Sasa ilibidi yote iliyobaki iingie. Sidi alimtafuta Kasiva kwa macho, akamwona mbele ya kamba kati ya watoto wengine. Sheria ilikataza mchezaji kushauriwa, hivyo Kasiva hakuruhusiwa kusema neno. Alimtazama tu kwa uso uleule mzito. Sidi aliziwaza Jumamosi zake, akaliwaza jembe, akawaza jinsi alivyookota mipira ya mtoto mdogo mwezi mzima ili aje hapa asimame wima kama alivyosimama Aprili. Alijikasirikia sana. Akapiga magoti, akaweka viganja chini, akalala kifudifudi juu ya nyasi na sketi yake nyeupe.

Watu walicheka. Mzee mmoja aliuliza kama mtoto ameanguka. Mwambire aligeuza uso upande wa pili, na kila aliyekuwa karibu naye aliona kwamba amekasirika. Kache hakucheka wala hakugeuka. Alipita chini ya kamba, akafungua leso aliyojifunga kiunoni, akaitandaza juu ya bintiye kuanzia kiunoni hadi kwenye vifundo vya miguu.

"Tazama unachotazama," alimwambia, kisha akarudi mahali pake.

Easter, mwanamke aliyekuwa akisimamia grini hiyo, alifungua kinywa kumkanya Kache. Halafu akafikiri, akaona leso si ushauri wa gofu, akakifunga.

Chini ya ile leso Sidi alitulia. Aliiona ardhi jinsi ilivyo, aliyaona maji yasiyokuwapo yakiteremka kulia, akainuka, akaupiga mpira upande ambao hakuna aliyetarajia. Ukazunguka ukaingia. Kwa mpira wa nne alilala tena bila haraka, akajifunika mwenyewe, na safari hii waliocheka walikuwa wachache. Nao ukaingia.

Mpira wa tano ulikuwa mbali kuliko yote, na kati yake na shimo ule mgongo wa nyasi uliinuka zaidi. Sidi alilala muda mrefu hadi Easter akamkumbusha kwa upole kwamba wakati unakwenda. Alipoinuka, mbele ya sketi yake kulikuwa na rangi ya majani, na kidevu chake kilikuwa na udongo. Aliusukuma mpira mbali na shimo, juu kabisa, na watu wakaguna kwa kumsikitikia. Mpira ulipanda, ukasitasita mgongoni, kisha ukageuka na kuteremka taratibu kama mbuzi anayeijua njia ya zizini. Ulifika ukingoni, ukatumbukia.

Vigelegele vya wanawake wa kanisani vilisikika hadi barabarani. Nyokabi alikuja kumpa mkono, sketi yake safi kama ilivyotoka nyumbani, na mwalimu Mwaura akageuka kando kidogo akafuta miwani ambayo haikuwa na vumbi. Sidi alilia waziwazi, maana alikuwa ameogopa sana.

Mwambire alimjia polepole. Hasira ilikuwa haijamtoka yote, na furaha ilikuwa imeanza kuisukuma.

"Nani aliyekufundisha kulala chini kama kenge mbele za watu?" aliuliza.

"Mwalimu wangu ni yule, baba," Sidi alijibu, akaonyesha kwa mkono.

Mwambire alitazama upande ule, juu ya vichwa vya watoto, akitafuta mtu mzima. Hakumwona. Ilibidi Sidi amshike mkono ampeleke hadi mbele ya Kasiva, aliyekuwa amekumbatia kikapu chake cha mipira na kumwamkia mzee kwa adabu. Mwambire alimtazama mtoto yule kwa muda. Wazee wenzake walikuwa wakimwangalia, na yeye alijua kwamba wanamwangalia. Alikuwa mtu mrefu, na mkono wa Kasiva ulikuwa chini sana. Akaukunja mgongo wake, akainama hadi uso wake ukawa sawa na wa mtoto, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Jumamosi zake ni zako, mwanangu," alimwambia. "Na usimwonee huruma."

Kasiva aliitikia kwa kichwa, akakitoa kikapu, akamkabidhi Sidi, na Sidi akakipokea mbele ya wote. Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.