Kura ya Kisiki

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Na chemchemi!
Ya nani?
— Ya wote!
Semeni polepole, Kiboko asiwasikie.

Hapo kale chemchemi ilikuwa moja, na mkubwa wake alikuwa Kiboko. Kila alfajiri majike walipanga vibuyu vyao mstarini, kila kibuyu kikimshikia mwenyewe zamu, wao wakaenda kuokota kuni. Kiboko naye huja. Chubwi! Maji yanakuwa tope. Huvipiga teke vibuyu, kolongo kolongo kolongo, akanguruma:

"Kibuyu hakina miguu! Aliyesimama mstarini ndiye mwenye zamu. Hiyo ndiyo sheria!"

Majike wakirudi, hakuna zamu, hakuna maji.

Basi Bi Pimbi, mdogo yule, hana pembe, hana mkia, aliwakuta wanawe wakilamba mawe kwa kiu. Moyo ukamuuma. Akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, Mzee. Mwaka huu nasi tunataka kupiga kura ya mkubwa wa chemchemi."

Kiboko akacheka mpaka mashavu yakatikisika. "Kura ni ya madume! Kazi yenu ninyi ni kusimama mstarini."

"Ewaa," akasema Bi Pimbi. "Hiyo kazi tunaiweza." Jioni ile akapita mlango kwa mlango, akinong'ona na majike wenzake.

Siku hizo kura ilipigwa kwa miguu. Unasimama nyuma ya umtakaye, Mzee Kobe anahesabu. Na mshindani wa Kiboko, kila mwaka, alikuwa kisiki. Msicheke! Kiboko alikichagua mwenyewe, maana kisiki hakijibu mtu.

Siku ikafika, jua likawaka. Kiboko alikuwa amerundika matikiti kivulini, ya kuwashukuru wapiga kura. Bi Pimbi akampepea kwa jani.

"Mzee, madume wataungua bure. Si wale kwanza? Sisi wake zao tutawashikia mstari."

"Una akili, ingawa huna mkia!"

Nyati akamwambia mkewe, "Mama, nishikie mstari." Ngiri akamwambia mkewe, "Mama, nishikie mstari." Kiboko mwenyewe akamwambia mkewe, "Mama, nishikie mstari." Huyoo, kwenye matikiti. Kwachu, kwachu, kwachu!

Mzee Kobe akaja, taratibu kama kawaida yake. Kwenye mstari wa Kiboko palikuwa na vumbi tu. Mstari wa kisiki ulipinda mpaka mlimani.

"Kisiki kimeshinda!"

Kiboko akatoka mbio, mbegu za tikiti zimemganda kidevuni. "Uwongo! Hao ni majike, wamewashikia waume zao tu!"

"Sheria ni yako, Mzee," akasema Kobe. "Aliyesimama mstarini ndiye mwenye zamu. Tumbo lililo kivulini halina miguu."

Kiboko akamgeukia mkewe. "Hata wewe, mama?"

"Baba, uliniambia nikushikie mstari. Hukusema upi."

"Lakini kisiki hakisemi!"

"Kina msemaji," ikajibu sauti kutoka juu yake. Bi Pimbi alikuwa ameshakipanda, amekaa kitako. "Kisiki kinasema kibuyu kishike zamu. Kiboko aoge kule chini, maji yanakoishia. Na kuanzia leo majike wapige kura."

"Na sisi madume je?" akauliza Nyati, tikiti limejaa mdomoni.

"Nanyi pia, shemeji. Ila msimame wenyewe."

Siku ile wanawe Bi Pimbi walikunywa, gudu gudu gudu, mpaka matumbo yakawa ngoma. Mama yao akawatazama, akafurahi furaha isiyo kifani.

Funzo? Lipo, tena zito. Enyi wanaume, msiwape wake zenu kura hata kidogo. Wapeni mstari wawashikie, ninyi mle matikiti kwa amani.

Hadithi yangu nimeiteka, kibuyu kimejaa. Mwenye kiu akinge, aliyeshiba apishe!