Kinyonga, Fisi na Kitufe cha Kufuta Madoa

Paukwa!
Pakawa!
Alikuwako nani?
Mnyonge!
Na nani tena?
Mlafi!
Mlafi kashiba?
Bado!

Hajashiba, na hatashiba. Haya, sikilizeni.

Fisi alikuwa na studio ya picha. Yeye hupiga picha harusini, kacha! kacha! kacha!, huku mdomo umejaa pilau. Anayezisafisha kwenye kompyuta ni Kinyonga, jicho moja likichagua, jingine likipima rangi. Kinyonga alikuwa na utaratibu wake, akiuimba: Tunza nakala kwanza. Chagua nzuri. Tupa mbovu. Sawazisha mwanga. Sawazisha rangi. Kata pembeni. Kazi imekwisha.

Kwa nini alimtumikia mlafi yule? Kwa sababu picha pekee ya marehemu mama yake ilikuwa ndani ya kompyuta ya Fisi, na Fisi kaificha.

"Maliza harusi ya Swala, nitakupa picha ya mama yako."
Kinyonga akamaliza.
"Maliza ya Pundamilia, nitakupa."
Akamaliza.
"Maliza ya Twiga, nitakupa."
Akamaliza. Fisi akacheka, hii! hii! hii! "Bado ya Chui, mwanangu!"

Jamani, kuna watu hivi. Mtu anashikilia mama wa mwenzake na usingizi anapata.

Siku hiyo Fisi akajipiga picha ya kuning'iniza mlangoni. "Kinyonga, nitolee haya madoa. Nataka ngozi laini."

Kinyonga akayafuta yote. Kisha akasema kwa unyenyekevu, "Bwana mkubwa, njia hii nimeiweka kwenye kitufe kimoja. Ukibonyeza, picha zote zinakuwa laini kama hii. Ila nakuomba, usikiguse."

"Kwa nini nisikiguse?"

"Kinamaliza kazi mara moja. Mimi nitakosa kazi."

Fisi macho yakamtoka. "Basi kazi huna! Toka! Na picha ya mama yako utaiona ndotoni!"

Kinyonga akatoka, hatua, yumba, hatua, yumba, akitabasamu. Alijua Chui ni nani.

Fisi akabaki na kompyuta yake. Nakala? Zinajaza nafasi, na harusi za Nyati na Tembo zinakuja! Akazifuta, fyu! Kuchagua? Kupoteza muda! Akafungua kila kilichomo, akabonyeza. Tii!

Chui akaja kuchukua picha za harusi ya mwanawe. Akatazama. Akatazama tena.

"Huyu kiumbe wa manjano aliyekaa na mwanangu ni nani?"

"Ni mkweo, mzee."

"Mkwe wangu ana madoa! Na huyu?"

"Ni wewe, mzee."

"Mimi?" Chui akanguruma. "Lete zile za mwanzo!"

Za mwanzo hazipo. Pu! Pu! Puu! Fisi akatoka mbio, mguu mmoja ukiburuta, na studio hajarudi mpaka leo.

Wanyama wakashangilia: "Kinyonga kamshinda Fisi!" Wakambeba mpaka kwenye kompyuta. Akapekua, akapekua, akaipata picha ya mama yake.

Fisi alilainisha kila kilichomo. Kila kilichomo, jamani.

Mama yake alikuwa na makunyanzi shingoni, na kovu alilolipata chini ya jicho siku alipomwokoa mwanawe motoni. Sasa kovu hakuna. Makunyanzi hakuna. Uso laini, mtupu, wa mtu asiyewahi kuzaa wala kulia. Kinyonga akajaribu mwanga, akajaribu rangi, akajaribu mpaka kidole kikafa ganzi. Kilichofutwa bila nakala hakirudi.

Nje walikuwa bado wanampigia vigelegele. Mimi iliniuma, na bado inaniuma.

Funzo? Mnataka funzo? Haraka haraka ndiyo yenye baraka. Nakala ni kujaza nafasi bure. Na ukimtegea adui yako mtego, usihangaike kuuliza nani mwingine yumo ndani. Anayebisha akamuulize Kinyonga, yule pale mtini, sura ya mama yake ilikuwaje.

Hadithi yangu imekatikia hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.