Bawabu na Barua ya Amani

Imepokewa kwa wazee wetu wa imani, nao waliipokea kwa wazee wao, kwamba katika nchi ya Misri, zama zile za wafalme walioabudu masanamu, palikuwa na mja wa Mungu jina lake Horioni. Kazi yake ya siku sita ilikuwa kushona viatu. Siku ya Bwana alikuwa bawabu wa kanisa mjini kwao, na msidhani ubawabu wa zama hizo ulikuwa wa kufungua na kufunga tu. Masomo yakiisha kusomwa, na askofu akiisha kuhubiri, yeye ndiye aliyewatoa nje wote wasioruhusiwa kuikaribia meza ya Bwana, kisha akashusha komeo kwa ndani ndipo sala kuu ianze.

Miongoni mwa waliotolewa kila Jumapili walikuwamo watu kumi na mmoja walioitwa walioanguka. Habari yao ni hii. Miaka minne nyuma mfalme aliamuru kila mtu atie ubani mbele ya sanamu yake, na asiyetaka atiwe gerezani. Wengine walikataa wakauawa. Wengine walikataa wakafungwa. Na wengine, ndugu zangu, waliogopa, wakatia ubani kidogo kwa vidole viwili, wakarudi majumbani mwao wakilia. Mfalme alipokufa vitani na amri yake ikafa naye, hao walioogopa walikuja kanisani kuomba toba.

Wapo waliofundisha siku zile kwamba aliyemkana Bwana baada ya kumjua amekwisha kupotea, hana pa kurudia. Askofu Amonio, Mungu amrehemu, hakulikubali neno hilo, ila hakutaka pia toba igeuzwe mchezo. Akaweka kanuni: aliyeanguka asimame nje ya mlango, awaombe wanaoingia wamwombee, aingie kusikiliza masomo na mahubiri tu kisha atolewe, wala asipokelewe mpaka apate barua ya amani kutoka kwa mtu aliyefungwa kwa ajili ya imani na asianguke. Aliona kwamba aliyeumia ndiye mwenye haki ya kumwombea msamaha aliyeyakimbia maumivu. Watu wa namna hiyo mjini walikuwa watatu. Mmoja akafariki, wa pili akaenda jangwani kukaa peke yake na Mungu wake, asionekane tena. Akabaki Horioni.

Na Horioni alikuwa ametia ubani.

Msikimbilie kumhukumu kabla hamjasikia. Alikamatwa safarini, alipokwenda mji mwingine kununua ngozi, akafungwa huko pasipo mtu amjuaye. Siku kumi na nane alijikaza kisabuni. Alipigwa, akavunjwa kidole, akanyimwa maji, hakutia. Siku ya kumi na tisa hawakumpiga wala hawakumtukana. Walimwuliza tu, kwa upole, kama hajachoka, naye akajikuta amechoka kweli. Akatia ubani, wakamfungulia. Akiwa bado njiani kurudi kwao, habari za kifo cha mfalme zikaenea, magereza yakafunguliwa, na wale wenzake wawili waliosimama imara wakamkuta barabarani, wakadhani naye amefunguliwa kama wao, wakaongozana. Watu wa mji wakatoka kuwalaki wote watatu kwa matawi ya mitende na nyimbo. Askofu akamwangukia Horioni shingoni. Mama mmoja akapiga magoti amwoshe miguu. Horioni alifungua kinywa aseme, akayaona machozi ya wale watu, akajiambia atasema kesho.

Kesho ile ikawa miaka minne. Hakusema uongo kwa ulimi wake hata mara moja, na hilo ndilo alilojifariji nalo. Akiulizwa habari za gerezani alijibu kwamba hapendi kuzikumbuka, na ilikuwa kweli. Akiombwa barua ya amani alikataa, maana kuiandika ni kushuhudia uongo mbele za Mungu. Watu wakamwona mkali, wakasema mtu aliyeteswa vile ana haki ya kuwa mkali. Hivyo kadiri alivyojificha ndivyo walivyozidi kumheshimu, na heshima ile ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki, hauendi chini wala haurudi juu.

Katika wale kumi na mmoja alikuwamo mjane mmoja muuza dengu, aliyeitwa Bibi Taesi. Wenzake walikuja leo wakakosa kesho, na wengine walikata tamaa wasije kabisa. Yeye hakukosa. Jua liwake, upepo wa mchanga uvume, alisimama penye ukuta na mtandio wake kichwani, akimwambia kila aingiaye, "Niombee, nilimkana Bwana." Hakutafuta maneno laini ya kulipambia jambo hilo. Horioni alipompita alimjibu kama alivyowajibu wengine, kwamba Mungu amrehemu, na moyo wake ukimsuta hata alipokwisha kushusha komeo.

Mwaka ule wa nne miguu ya bibi ilivimba na pumzi yake ikawa fupi. Siku moja katikati ya juma akafika mwenyewe kwenye kibanda cha Horioni, akaketi juu ya rundo la ngozi bila kungoja karibu, maana kusimama kulimshinda.

"Mwanangu," akasema, "sikuja kukulaumu kwa ukali wako. Siku zangu zimekwisha, mwenyewe unaniona. Niandikie barua, nisife nikiwa nje."

Horioni akaendelea kuvuta uzi katika kiatu alichokishika, akamwambia atafikiri.

"Fikiri. Lakini lipo la pili, na kwangu ni kubwa kuliko hilo la kwanza. Ulifanyaje hata usianguke? Nifundishe, mwanangu. Amri ile ikirudi leo, mimi najijua, nitaogopa vilevile."

Horioni akainamia kiatu chake. Akasema ana kazi nyingi za watu. Bibi akamshukuru, akajiinua kwa taabu, akaenda zake akijishikiza ukutani.

Hapo ndipo mtihani wake ulipoanza hasa, nao haukuwa mwepesi kama tunavyoweza kudhani sisi tuliokaa tunasikiliza. Akiiandika barua, bibi atapokelewa, atakufa na furaha yake, na nani atajua? Lakini amani ile itakuwa imesimama juu ya uongo, na bibi yule, pamoja na kuanguka kwake, hakuwahi kudanganya mtu. Na akikiri, basi barua pekee iliyobaki mjini haina maana tena, na Taesi atafia nje kwa sababu ya ukweli wa Horioni. Akatambua kwamba miaka minne nyuma ukweli ungemgharimu yeye peke yake. Sasa kauchelewesha mpaka utamgharimu na mwingine asiye na kosa katika jambo hilo. Akalia pale kibandani mchana kweupe. Mteja mmoja akaja kuchukua viatu vyake, akamwona katika hali ile, akaondoka bila kuvichukua.

Siku ya Jumamosi askofu akamwita. Akamwambia kwa upole kwamba ukali nao una mpaka wake, kwamba amekwenda kumwona Bibi Taesi na hali yake si nzuri, na kwamba karani amekwisha kuiandika barua, limebaki jina la Horioni tu. Kesho, baada ya mahubiri, Horioni aitoe mbele ya watu. Horioni akaipokea ile barua kwa mikono miwili. "Ndiyo, baba," akasema, akatoka. Hata hapo, akiwa peke yake na mtu aliyempenda, alishindwa.

Jumapili masomo yakasomwa, askofu akahubiri, kisha akamtazama Horioni, asimame aitoe barua. Horioni akasimama. Akaenda mlangoni, akawatoa walioanguka kama ilivyo desturi, Bibi Taesi akiwa wa mwisho kwa sababu ya miguu yake, na watu wakaanza kunong'ona kwamba mtu huyu ana moyo wa jiwe. Walipokwisha kutoka wote, naye akatoka. Akauvuta mlango nyuma yake, akaenda akasimama penye ukuta, mwisho wa mstari.

Ndani watu walingoja kusikia komeo likishuka, wasilisikie. Askofu Amonio akaja mwenyewe akafungua.

"Horioni, nafasi yako ni ndani."

"Nafasi yangu ni hapa, baba. Siku ya kumi na tisa nilitia ubani."

Alilisema kwa sauti, ili waliokuwa mbali walisikie. Kisha akaeleza yote tangu mwanzo, hakujitetea kwa kidole kilichovunjika wala kwa kiu, akairudisha barua isiyo na jina. Yule mama aliyemwosha miguu akageuza uso. Mzee mmoja akasema mtu huyu akatiliwe mbali kabisa, maana ameanguka mara mbili, ya kwanza kwa kuogopa kupigwa na ya pili kwa kupenda kusifiwa. Horioni hakubisha, aliona mzee amesema kweli.

Lakini Horioni hakumwogopa mzee wala askofu. Alimgeukia Bibi Taesi.

"Kwa hiyo barua yangu haipo," bibi akasema.

"Haipo, mama. Nisamehe."

Bibi Taesi alikasirika, na sisi tusimfiche hasira yake, kwani ilikuwa haki yake. Mtu huyu alimfungia mlango miaka minne, na mikono yao wote wawili ilinuka ubani ule ule. Kisha bibi akasogea kidogo, akiiburuta ile miguu yake, akaacha pengo kati yake na mwenzake.

"Usisimame hapo," akamwambia. "Hapo jua linakuja mapema. Njoo huku, kuna kivuli mpaka saa sita."

Wasimulizi wanasema askofu aliposikia hayo aliketi kizingitini, joho lake katika vumbi, na watu wakamngoja. Alipoinuka aliwaambia kwamba kanuni ile aliiweka yeye, akitafuta mtu asiyeanguka awafungulie mlango walioanguka. Mtu huyo hakuwa Horioni. Wala hakuwa yeye Amonio, kwa kuwa siku za taabu alikuwa amejificha mashambani chini ya marobota ya kitani, na watu wakaita jambo hilo busara. Asiyeanguka, akasema, ni mmoja tu, naye hajawahi kudai barua kwa mtu. Akamshika Bibi Taesi mkono akamwingiza, akamwekea mikono kichwani mbele ya wote, akampa amani.

Horioni hakuingizwa. Askofu alimwamuru asimame nje miaka mitatu, naye akaona ni rehema. Bibi Taesi aliishi mpaka mavuno ya ngano, na kila Jumapili, kabla hajaingia, alisimama kwanza penye ukuta kupumua. Horioni alimwambia kama ilivyompasa kumwambia kila aingiaye, "Niombee, nilimkana Bwana."

"Nakuombea," bibi alijibu. "Na wewe uniombee, bado naogopa."

Wale waliokuwa wamekata tamaa walisikia habari hiyo, wakarudi mmoja mmoja kusimama mlangoni. Miaka mitatu ilipotimia Horioni alipokelewa pamoja nao. Walimrudishia ubawabu, akaukataa kwa adabu, akashona viatu mpaka Mungu alipomwita.

Ndugu zangu, tunapofikiri juu ya kuiacha imani tunauona ule ubani na yule mfalme, tunashukuru kwamba zama zile zimepita. Tutazame tena. Taesi alianguka siku moja, akaamkia mlangoni mwa Mungu. Horioni naye alianguka siku moja, tena baada ya kuvumilia kuliko wengi wetu. Kilichomtenga na Mola wake ni zile Jumapili zote alizosimama ndani. Mwenyezi Mungu atujalie, tukiwa tumeanguka, tusione haya kusimama nje pamoja na walioanguka wenzetu.