Pumzi Iliyozima Mapigo

Ndugu zangu, kulikuwa na mwalimu mmoja wa kwaya, na mkewe ndiye aliyeongoza sauti ya kwanza. Mke akaugua. Mishipa ya shingo ikavimba, presha ikashuka, hata kulala chali hawezi. Mume akakaa pembeni ya kitanda kule hospitali, akawa anamfundisha kama alivyozoea kuwafundisha waimbaji: "Mama watoto, vuta pumzi ndefu. Ijaze mpaka tumboni." Mke akatii, akavuta, akazidi kulegea.

Daktari akaja, akamshika mkono mgonjwa, akayapima mapigo. Kisha akamwita mume. "Mwalimu, weka vidole vyako hapa. Haya mama, vuta pumzi."

Mke alipovuta, mapigo yakafifia, yakapotea kabisa. Alipoitoa pumzi, yakarudi. Mnanielewa? Pumzi ileile aliyokuwa akimhimiza aivute ndiyo iliyoyazima mapigo chini ya vidole vyake mwenyewe.

"Basi moyo umechoka," akasema. "Mpe dawa ya kuutia nguvu."

"Moyo wake ni mzima," daktari akamjibu. "Umezungukwa na maji, umekosa nafasi. Akivuta pumzi, upande mmoja wa moyo unajaa na kuubana mwenzake. Niruhusu nipitishe sindano kifuani niyatoe."

"Sindano? Karibu na moyo? Ukiuchoma je, daktari?"

"Nitakwenda taratibu. Lakini tukiyaacha, mama hataiona jioni."

Mume akalia, akakubali. Maji yakatolewa, na presha ikapanda huku wakiitazama. Mke akavuta pumzi, na safari hii mapigo hayakwenda popote. Mume akayaangalia yale maji. Hayakujaza hata kikombe cha chai.

Jamani, hebu niambieni, ni kitu kidogo kiasi gani kinatosha kuubana moyo aliouumba Mungu? Mimi nikiliwaza hilo naogopa. Na sisi tukijisikia tumebanwa tunafanya nini? Tunaongeza mfungo, tunaongeza sauti, tunasema imani imechoka. Kumbe imani ni nzima. Ni lile neno ulilotupiwa na dada yako pale msibani, hujamwambia mtu, na hutaki liguswe kwa sababu liko karibu mno na moyo.

Naona wanakwaya mmeanza kusimama. Kaeni kwanza, wimbo utasubiri. Humu ndani kuna mtu ambaye leo umechagua benchi la mbali ili usimpe mkono. Inuka, mfuate.