Siku Njema ya Ukuta wa Khoat

Tajiri Khoat wa kijiji kimoja cha Vietnamu aliazimia kukizungushia ukuta kisima cha kijiji, kiwe chake. Lakini hata ndevu hakunyoa bila kuuliza kalenda ya mwezi, inayotaja siku njema na mbaya kwa kila kazi. Akampelekea Bi Thoa, msomaji wa kalenda hiyo, jogoo wa ada.

"Leo inafaa kujenga?"

"Leo mbaya, bwana. Ukuta utakuangukia. Ngoja mwezi uandame."

Mwezi ulipoandama, Khoat alifika na waashi. Palepale msingi ulipopaswa kupita palikuwa na kaburi, na ubani ukifuka juu yake.

"Nani kazika hapa?"

"Mimi, bwana," alijibu Bi Thoa, aliyekuwa amesimama kando ya kisima. "Siku ile ilikuwa mbaya kwa kujenga, njema kwa kuzika."

Waashi waliweka sururu chini. Kaburi halichimbuliwi ila kwa siku yake.

"Nitafutie siku ya kulihamisha, we mwanamke!"

"Nimeshatafuta. Ipo, mjukuu wako akiota mvi."

Khoat aliinama, akamwomba marehemu radhi, akaenda zake.

Jioni Bi Thoa alikuja kuteka maji, akanyunyizia kaburi kidogo.

"Lala salama, jogoo," alisema. "Mchuzi wako ulikuwa mtamu."