Moshi wa Tanuri Lililopoa

Ndugu zangu, nisikilizeni. Palikuwa na fundi mmoja wa matofali, akichoma tanuri lake kwa pumba za mpunga. Mkewe alikohoa wiki nzima, akamwambia, "Baba watoto, huu moshi utatumaliza."

Fundi akatoka nje juani, akanyoosha mkono. "Moshi upi? Mlima si ule pale unauona? Moshi umeshajiendea zake."

Ni kweli, mlima ulionekana. Lakini moshi haukwenda popote. Ulikuwa umetanda hewani, chembe kavu ndogo mno, jicho halizioni.

Siku ya tatu, tanuri limeshapoa kabisa, hewa ya unyevu ilipanda kutoka mtoni alfajiri. Kila chembe ikanywa maji, ikavimba. Fundi alipofungua mlango, hapakuwa na mlima. Banda la kuku lililo hatua kumi halikuwepo. Weupe mtupu, kimya, na weupe wenyewe ulinuka pumba zilizoungua. Akajiuliza: Nani amewasha tanuri?

Ndipo akakumbuka kuwa mkewe ameshatoka kwenda kisimani, na njia ya kisimani inapita kando ya shimo alikochimba udongo, lenye kina cha kumeza watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwenzake.

Akachukua kurunzi kubwa, akakimbia. Mwanga ukagonga weupe, ukamrudia machoni. Kadiri alivyouongeza, ndivyo alivyozidi kuwa kipofu. Akasikia kikohozi mbele yake. Kisha nyuma. Kisha pande zote.

"Mama watoto! Usisogee! Nakuja kukuokoa!"

"Simama hapo hapo, baba watoto." Sauti ya mkewe ilikuwa ya chini. "Naiona taa yako, iko juu ya shimo. Izime, uangalie miguu yako."

Akaizima. Vidole vyake vilikuwa vimeshavuka ukingo.

Mnadhani nasimulia habari za matofali? Sisi tunatupa maneno makali nyumbani siku ya jua, kisha tunanyoosha mkono, "Mbona yamekwisha?" Hayajakwisha, jamani. Yako hewani yanangoja siku ya machozi. Msiba ukibisha hodi, yatavimba yote kwa pamoja, nasi tutaitana ndani ya nyumba zetu wenyewe tusionane. Usiniambie mlima unaonekana. Kuna mtu kwako anakohoa. Rudi leo, kaa naye, umsikilize.